Jibu la Kwenda Maskati

Meza ilikuwa na pengo. Katikati yake palibaki alama ya mstatili isiyo na vumbi, pale kompyuta ilipokuwa imekaa kwa muda mrefu. Nyaya zilikuwa zimechomolewa moja moja na kulazwa pembeni. Hakuna hata moja iliyokatwa.

Inspekta Revelian alisimama mlangoni akaziangalia zile nyaya kwanza. Kilikuwa chumba kidogo cha uani, nyuma ya duka la Mzee Abdulsamad, pale Mwenge, na siku ilikuwa Ijumaa alasiri, mwaka 1997.

"Nani amegundua?" aliuliza.

"Mie, afande. Niliporudi kutoka msikitini."

Aliyejibu alikuwa Mazin, mtoto wa mwenye nyumba. Kijana mwembamba, mwenye miwani, aliyeajiriwa mjini kuandika programu za kompyuta.

"Kimeibwa nini?"

"Seva."

"Nieleze kama unavyomweleza mtu asiyejua. Maana sijui."

Mazin alionyesha juu, ambako nyaya zilitoka dirishani na kupita mapaa ya jirani. "Huu mmoja unakwenda duka la dawa. Ule unakwenda ofisi ya wachonga vinyago. Mwingine unaingia nyumbani kwetu. Kila mmoja ana kompyuta yake, anaandika barua pepe mchana. Barua zote zinakusanyika kwenye seva. Jioni seva inapiga simu mjini kupitia hiki kidude, modemu, na barua zinaondoka. Zinakwenda popote duniani."

"Kwa hiyo ni posta ya mtaa."

"Ndiyo, afande. Posta ya mtaa."

"Na wewe ndiye bwana posta."

Mazin aliinamisha kichwa. Revelian akatazama skrini iliyobaki mezani, kisha ile modemu.

"Hivi wameviacha?"

"Wameviacha."

"Skrini ndiyo inayouzika haraka."

"Labda waliogopa uzito wake."

Kufuli lilikuwa sakafuni, limekatwa kwa msumeno wa chuma. Revelian alipiga magoti kizingitini. Saruji ilikuwa safi. Alipitisha kidole ukutani, chini ya komeo, akakitazama. Kisha akaenda mezani. Nyuma ya kibodi palikuwa na chenga laini za chuma, zinang'aa. Alizikusanya kwenye karatasi, akaikunja, akaitia ndani ya bahasha ya vielelezo. 

Uani, Mzee Abdulsamad alikuwa ameketi kwenye kiti chenye mikono, mkono wake mmoja ukiwa kifuani.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Mtafute huyo mtu. Mle ndani mna barua yangu."

"Barua gani?"

"Ya kheri. Kuna jamaa zetu Maskati wamemposa binti yangu. Leo asubuhi nimekaa na Mazin nikaandika jibu. Nimewakubalia. Ilikuwa iondoke jioni hii."

Binti mwenyewe, Raudha, alikuja na kahawa. Alisomea uuguzi, na Jumatatu alitakiwa kurudi chuoni. Alimkaribisha mgeni kwa sauti ya chini. Alipoweka sinia, vikombe viligongana, na Mazin akainuka haraka kumpokea. Revelian aliwaona dada na kaka wakitazamana, kisha kila mmoja akageukia upande wake.

* * *

Jumamosi asubuhi Koplo Fransis aliingia ofisini kwa inspekta na habari.

"Tumempata, afande. Bakari, fundi redio. Shahidi mmoja alimwona uchochoroni wakati wa sala, amebeba boksi. Nimemchukua jana hiyo hiyo jioni. Na alama zake za vidole ziko kwenye modemu."

Bakari aliletwa ofisini. Alikuwa mtu wa makamo, shati lake lina madoa ya risasi ya kuchomelea. Alipumua kwa shida kidogo.

"Boksi lilikuwa na nini?" Revelian aliuliza.

"Televisheni ya mteja. Yuko mtaa wa pili, kamuulizeni."

"Na modemu uliishika lini?"

"Nilimtengenezea Mazin. Iliungua umeme ulipokatika na kurudi kwa nguvu."

"Mazin ni nani kwako?"

"Mdogo wangu."

"Wa tumbo moja?"

"Wa mtaa mmoja. Tangu yuko chekechea anakuja kibandani kwangu kuniuliza maswali. Mie nimwibie yule? Ningemwibia nini?"

Alianza kukohoa, na kikohozi hakikumwachia. Nje kwenye benchi alikuwepo mkewe, Tabu, na chakula pamoja na dawa ya pumu kwenye mfuko wa rambo.

"Apewe dawa yake sasa hivi," Revelian alimwambia Fransis. "Asirudishwe mahabusu, akae humu ofisini, dirisha likiwa wazi. Na mtume mtu kwa huyo mteja wa televisheni."

"Lakini alama, afande."

"Alama zinasema alishika modemu. Modemu haikuibwa."

* * *

Duka la dawa lilikuwa la Bi Manal, mwanamke mcheshi aliyevaa baibui jeusi na miwani ya kusomea. Kompyuta yake ilikaa kaunta, kati ya dawa za kikohozi na pamba.

"Jana wakati wa sala ulikuwepo?"

"Nilikuwepo. Wanaume wako msikitini, mie naandika oda yangu ya dawa."

"Uliona mtu akipita na mzigo?"

"Sikuona mtu. Niliona tu mtandao umezimwa."

"Ulikatika ghafla?"

"Aa, Mazin hakati ghafla hata siku moja. Anatuonya kwanza. Yalitokea maandishi kwenye skrini: seva inazimwa, hifadhini kazi zenu, samahani kwa usumbufu. Nikahifadhi, nikaendelea na wateja. Nilidhani anafanya marekebisho yake."

Revelian aliacha kuandika.

"Hayo maandishi, nani anaweza kuyatuma?"

"Yeye peke yake. Ana neno lake la siri, hata dada yake hajui." Bi Manal akavua miwani. "Afande, mie sijamsema mtu kwa ubaya. Yule mtoto ndiye aliyenitafutia dawa ya mwanangu huko nje kwa hiyo hiyo seva."

"Hujamsema kwa ubaya, mama. Umejibu nilichokuuliza."

* * *

Mazin aliitwa kituoni mchana. Revelian alifunga mlango, akaweka mezani kufuli lililokatwa na ile karatasi iliyokunjwa.

"Ulikuwa msikitini jana?"

"Ndiyo, afande."

"Uliswali karibu na nani?"

"Nilichelewa. Nilikuwa nje, nyuma kabisa."

Inspekta alifunua karatasi. "Hizi ni chenga za kufuli. Mlangoni hazikuwepo. Zilikuwa mezani, nyuma ya kibodi. Aliyelikata alikuwa ndani, ameketi kwenye kiti chako."

Mazin alizitazama zile chenga.

"Halafu kuna ujumbe. Nimekuwa askari tangu ujana wangu, Mazin. Sijapata kuona mwizi anayewaambia watu wahifadhi kazi zao na kuwaomba radhi."

Kijana alivua miwani na kuifuta kwa upindo wa shati. 

"Kabla hujasema chochote, ujue hili. Bakari amelala mahabusu usiku wa jana. Pumu ilimbana."

"Bakari?" Mazin aliinuka. "Kwa nini Bakari?"

"Alionekana na boksi. Alama zake ziko kwenye modemu."

"Aliitengeneza yeye."

"Ameniambia. Ameniambia pia kuwa wewe ni mdogo wake."

Mazin alikaa. Machozi yalimtoka bila sauti.

"Mwacheni aende, afande. Nimeichukua mwenyewe."

"Iko wapi?"

"Madale. Baba ana kiwanja kule, na banda la kuwekea saruji. Jana niliificha kwenye pikapu ya duka, chini ya mifuko. Leo asubuhi nikaipeleka."

"Kwa sababu ya ile barua ya Maskati."

Mazin aliitikia kwa kichwa.

"Raudha hataki?"

"Hataki. Aliniambia mara moja tu, tukiwa jikoni. Alisema, 'Kaka, sitaki kwenda,' halafu akaendelea kuosha mchele. Jana baba alipokuwa akiniamuru niandike, Raudha alikuwa amesimama nyuma yetu. Nilimwona kwenye kioo cha skrini. Nikaandika kila neno."

"Sasa si ungeifuta tu? Mtu gani angejua?"

"Ningejua mie." Alirudisha miwani usoni. "Afande, watu wananiachia barua zao. Za wagonjwa, za ndoa, za ugomvi. Siku ya kwanza niliwaahidi: sisomi, sizuii, sifuti. Ni amana. Nikifuta ya baba kwa sababu naona nina haki, kesho nitafuta ya nani?"

"Na kuiacha iende?"

"Ningekuwa nimempeleka dada yangu kwa mkono wangu mwenyewe. Nilishindwa yote mawili."

"Ukazuia barua za mtaa mzima. Na mtu asiye na kosa akalala ndani."

"Ndiyo."  "Sikufikiri mbali. Niliona tu jioni inakuja."

Revelian alimsogezea glasi ya maji. Alikuwa na dada yake Bukoba, aliyeolewa mbali akiwa mdogo, na siku ile ya arusi yeye alikuwa amebeba sanduku lake hadi melini. 

"Kutoa taarifa ya uongo polisi ni kosa," alisema. "Nitaliandika jalada kama lilivyo, na mkuu wa kituo ataamua. Lakini kwanza kuna mtu ofisini kwangu unatakiwa umtazame usoni."

Bakari alimsikiliza Mazin hadi mwisho, Tabu akiwa kando yake. Kisha akasema, "Ungekuja kuniambia, mdogo wangu. Tungekaa, tungefikiri pamoja. Mbona redio zote tulikuwa tunazifungua wawili?" Akampa mkono. Tabu hakutoa wake. Alikusanya vyombo vyake, akamwambia Mazin, "Nitakusamehe, lakini si leo," wakaondoka.

* * *

Banda la Madale lilikuwa mlimani, limezungukwa na mikorosho. Seva waliikuta imeinuliwa juu ya matofali ili unyevu usiifikie, imefunikwa blanketi la Mazin mwenyewe. Koplo Fransis alilitazama lile blanketi, akatikisa kichwa, akaibeba mashine kwa uangalifu.

Jumapili asubuhi, Revelian aliipeleka nyumbani. Mkuu wa kituo alikuwa amemsomea Mazin onyo kali na kumwachia. Lililobaki halikuwa la polisi, ila inspekta aliombwa aketi, akaketi.

Mzee Abdulsamad alikuwa ameelezwa yote. Hakumtazama mwanawe.

"Umenitia aibu, Mazin."

"Nisamehe, baba."

"Nilimuuliza binti yangu. Shangazi yake alikuwepo. Nilimuuliza, akanyamaza. Na kwetu kimya cha mwali ni ridhaa. Ningejuaje?"

"Alinyamaza kwa ajili ya moyo wako, baba. Daktari alisema usishtuliwe."

 Mkono wa mzee ukapanda kifuani, mahali pake pa kila siku.

"Na mie niliharakisha kwa ajili ya moyo huo huo," alisema. "Nilitaka nikiondoka nimwache kwa watu wake." Aligeuka. Raudha alikuwa amesimama penye pazia. "Njoo, mama. Kaa karibu. Nakuuliza tena, na safari hii ukinyamaza nitajua bado hujajibu. Unataka kwenda Maskati?"

Raudha alikaa mkekani, miguuni pa baba yake.

"Sitaki, baba. Sina neno na yule kijana, wala watu wake. Nataka kumaliza uuguzi. Nataka kukaa hapa."

"Basi?"

"Basi, baba."

Mzee alimwekea mkono kichwani, akauacha pale. Alipumua taratibu, mara kadhaa, na wote wakamtazama anavyopumua.

"Mazin, iunge mashine yako."

Mazin alichomeka nyaya. Seva ilivuma, maandishi yakapita kwenye skrini, hadi ikatokea barua ya Maskati, ingali kwenye foleni, haijaguswa. Aliinuka kwenye kiti.

"Ni yako, baba. Uamuzi ni wako."

Mzee Abdulsamad alikaa mbele ya skrini, akasoma maneno yake mwenyewe tangu mwanzo hadi mwisho.

"Nionyeshe pa kubonyeza."

Mazin alimwonyesha. Mzee alibonyeza kwa kidole kimoja, na barua ikatoweka. Kisha akavuta kiti cha pili kando yake, akakipigapiga.

"Raudha, kaa hapa. Wale ni watu wema, hatuwezi kuwanyamazia. Tuwaandikie kwa adabu. Anza wewe."

Raudha alikaa, akaisogeza kibodi karibu, akaanza kuandika.