Chiriku Aliyeanza Kung'ata

Kinyozi alikuwa na saluni katika chumba cha mbele cha nyumba yake. Pazia tu ndilo lililoitenga na chumba cha kulala. Kila asubuhi binti yake wa miaka minne alikaa kwenye kigoda karibu na kioo, akapiga soga na wateja. Alisema bila kituo, ndiyo maana wakambandika jina la Chiriku.

Kisha mama yake akajifungua mtoto wa kiume. Nyumba ikajaa wageni. Chiriku akapunguza maneno, halafu akaanza kung'ata. Alianza na mto wa kulalia. Akafuata mwenzake wa chekechea. Siku moja mteja alikuwa amefumba macho, povu usoni, mara akaruka kama aliyekalia kaa la moto. Chiriku alikuwa amemng'ata goti.

Kinyozi aliomba radhi mpaka maneno yakamwishia. Hakujua mwanawe ameingiwa na nini.

Ushauri haukukosekana. Mama mkwe wake alisema samaki mkunje angali mbichi, kwa hiyo achapwe. Dada yake alisema apewe simu achezee, atatulia. Yule mteja wa goti alishauri mtoto naye ang'atwe kidogo, ajue uchungu wake. Nahodha wengi, chombo huenda mrama. Kinyozi alijaribu simu. Alipoichukua tena, Chiriku aliangua kilio kilichowatoa majirani nje. Akajaribu kofi. Chiriku hakulia. Alimtazama tu baba yake. Tangu hapo akawa anajikunyata kila baba aliponyanyua mkono, hata kama ni kuchukua kitana.

Jioni moja akamng'ata mdogo wake kidoleni. Mama yao akalia pamoja na kichanga.

"Baba Chiriku," alisema, "sasa namwogopa mwanangu mwenyewe."

Walimpeleka kichanga kliniki. Muuguzi alisafisha kidole, hakuwalaumu. Aliwaeleza kuwa kuna shirika linaloendesha kikundi cha malezi katika ukumbi wa jirani, bila malipo, kwa mzazi yeyote. Kinyozi akaenda peke yake, kwa kuwa mkewe alikuwa hajapata nguvu. Akakuta akina mama tu. Nusura ageuke arudi, lakini mwelimishaji, mwanamke mwenye sauti ya taratibu, alikwisha kumsogezea kiti.

Alikuwa amefuata dawa. Akapewa swali.

"Kabla hajang'ata, huwa kunatokea nini?"

"Sijui, mwalimu. Mimi huona alama za meno tu."

Mwelimishaji akamwomba akatazame, asimpige, kisha arudi. Kinyozi alitoka pale akiwa amechanganyikiwa kuliko alivyoingia. Kutazama ni tiba gani?

Hata hivyo alitazama. Aliona wageni wakimpita Chiriku mlangoni, wakikimbilia kumbeba mtoto. Akasikia pia sauti yake mwenyewe: "Nyamaza, mtoto amelala." Aliisema akinyoa, akifagia, akila. Aliisema kila Chiriku alipofungua kinywa.

Akarudi kikundini, akaeleza hayo huku akiangalia viatu vyake.

"Mtoto mdogo ana hisia kubwa na maneno machache," mwelimishaji alisema. "Akinyimwa maneno, hutumia meno."

Akamfundisha la kufanya. Asimpige wala asimng'ate. Amzuie kwa utulivu na kusema kwa ufupi, "Hatung'ati, inaumiza." Amhudumie aliyeumizwa. Kisha amsaidie Chiriku kutaja anachohisi: hasira, wivu au huzuni. Na kila siku ampe muda wake peke yake, bila simu na bila kichanga.

Mama mmoja akauliza kama huko si kumdekeza mtoto.

"Kumdekeza ni kumwacha ang'ate," mwelimishaji alijibu. "Huyu anakatazwa, na anasikilizwa."

Haikuwa kazi rahisi. Chiriku aling'ata tena, na mama mkwe akaguna. Kuna siku kinyozi alijiuliza kama hakudanganywa. Lakini kila alasiri, mkewe akinyonyesha, alimshika Chiriku mkono wakazunguka mtaani. Mwanzoni walitembea kimya. Baadaye Chiriku akauliza kwa nini mbwa havai viatu, na kama mchanga haumuunguzi. Maswali yakaanza kumiminika. Meno yakaanza kupumzika. Hata mama mkwe alisikika akiwaambia wageni mlangoni, "Msalimieni mkubwa kwanza."

Asubuhi moja kinyozi alikuwa amefika katikati ya kichwa cha mteja. Chiriku akaja, taya zimekazwa.

"Baba, nataka kukung'ata."

Kinyozi akazima mashine. Akachuchumaa mbele yake.

"Kwa nini, mama?"

Chiriku akamweleza. Ilikuwa habari ndefu, yenye kikombe, mwanasesere, na mtu fulani aliyecheka. Nusu yake kinyozi hakuielewa. Aliisikiliza yote. Mteja akasubiri kitini, upande mmoja wa kichwa una nywele, upande wa pili unang'aa.