Jibu la Seremala

Haya yalimpata rafiki yangu, tabibu wa usemi, alipokwenda kumtibu seremala mmoja nyumbani, katika chumba kisicho na dirisha. Mtu asiyejulikana alikuwa amemvunja taya na mkono wa kushoto kwa nyundo, na maneno yakamtoka kabisa. Sasa alijibu kwa mkono wa kulia, akigonga ubao wa kitanda: mara moja ndiyo, mara mbili hapana.

"Unajisumbua bure, dada," alicheka kaka wa mgonjwa, ameegemea mlango. "Huyo amebaki gogo lenye nguo."

"Aliyekupiga unamjua?" tabibu akamwuliza seremala.

Ngo.

"Yumo humu ndani?"

Kicheko kikakatika. Swichi ya mlangoni ikalia, taa ikazimika. Kitanda kikatikisika, koo likakoroma ndani ya mto, visigino vikapigapiga godoro, kisha kimya. Tabibu akapapasa gizani, akaukamata ule mkono wa kulia kwa mikono yake miwili. Haukuwa na mpigo.

"Amelala," kaka akamhemea sikioni. "Una swali jingine?"

"Ni huyu?" tabibu akamnong'oneza seremala.

Mkono ulibaki umelegea viganjani mwake. Ubao wa kitanda ukagongwa, mara moja.