Mti wa Kona Katika Shamba la Osob

Sogeeni hapa mkekani, wajukuu wangu. Wewe uliye mlangoni, zima hiyo redio. Nyamazeni mpaka msikie makaa yakipasuka jikoni. Haya.

Mwaka ule baada ya mafuriko ya El Nino, Mto Tana ulipomwaga mbegu kila mahali, shamba la Osob nje ya Garissa lilimezwa na miti ya mathenge. Miiba yake ilitoboa ndala, na maganda yake matamu yaliwang'oa mbuzi meno. Osob alikuwa mjane, amechoka mpaka mifupa. Alikata, akalala, akaamka, na alichokata kimechipua tena. Kilichomweka pande hizi ni shamba hilo na binti yake, Nasteho.

Magogo waliyageuza makaa. Kwao, kabla ya kuwasha tanuru, mtu huita mara tatu: "Enyi msioonekana, ondokeni, tunawasha moto." Siku ile, jua la utosi, Osob hakuwa na hata mate mdomoni.

"Hooyo, hujaita," Nasteho alimwambia mama yake.

"Wenye masikio wamesikia panga tangu alfajiri. Lete kiberiti."

Moshi ukatoka na harufu isiyo yake, harufu ya maziwa yanayoungua. Kisha, ndani ya udongo uliofunika tanuru, ikalia sauti ndogo, kama mbuzi aliyezaliwa leo.

"Ni utomvu huo," Osob akasema, bila kumtazama binti yake.

Tangu adhuhuri ile Nasteho alikaa kando ya tanuru lililopoa, mkono wa kushoto ameukunja, akiutikisa polepole. Hali chakula, hajibu. Na ile harufu ikawafuata nyumbani, ikaingia kwenye shuka, kwenye mtungi wa maji, kwenye nywele za Osob mwenyewe, hata akawa hawezi kumeza tonge bila kuonja maziwa na majivu, na kila akifumba macho apumzike kidogo anasikia mtu akibembeleza, chini chini, kwa sauti isiyo ya binti yake.

Sheikh Hared alikuja kutoka mtaa wa Iftin na ubani na maji ya kusomea. Aliposoma, Nasteho akafungua mdomo. Iliyotoka ni sauti ya mama mtu mzima, aliyechoka kama Osob.

"Mtoto wangu alikuwa amelala. Mlinipa muda gani wa kumbeba?"

"Toka," sheikh akanong'ona.

"Niende wapi? Nyumba zetu zote mmezikata."

Osob akapiga magoti. "Mama mwenzangu, nitakuachia mti mmoja, ule wa kona. Panga langu halitaugusa. Niachie mwanangu."

Kisha Nasteho akakohoa majivu, akaomba chai.

"Ametoka, walaahi," sheikh akacheka. "Tena anataka sukari nyingi!"

Osob naye alicheka, mpaka alipouona ule mkono. Bado umekunjwa.

"Sheikh," akasema taratibu, "ulimwambia mama atoke. Na mtoto?"

Hared alifunga ubani wake, akavaa viatu.

Osob alipofariki, mbuzi walirithiwa na kaka yake marehemu, Guled. Shamba lilirithiwa na ule mti wa kona, maana mbegu zake hazikuwekeana ahadi na mtu. Nasteho alirithi panga na kikombe cha bati. Kila adhuhuri alikijaza maziwa, akakiweka karibu na mkono ule wa kushoto, akatazama pembeni. Akigeuka, kikombe kikavu, na bati bado lina joto.

Mwanzo kilikuwa kikombe. Siku hizi ni sufuria.