Mahudhurio Kamili

Mfanya usafi ndiye aliyemkuta, Ijumaa saa nne asubuhi, bwenini, chumba cha mtu mmoja namba kumi na tisa. Kijana alikuwa amejikunyata kitandani, jagi tupu kando yake. Wenzake walimwita Profesa, kwa sababu darasa zima lilivuka somo la takwimu kwa mgongo wake.

"Homa ya mapafu," daktari wa polisi alimwambia Inspekta. "Alikufa Jumanne jioni. Angefikishwa hospitali asubuhi ile, angepona."

Inspekta, mwanamke wa makamo asiyependa kuharakishwa, alikagua chumba. Chaja ilikuwa kwenye soketi. Simu haikuwepo. Ubavu wa kiganja cha kushoto cha marehemu ulikuwa na wino mkavu.

Koridoni palining'inia bango: SISI NI FAMILIA MOJA. Shule hiyo ya biashara ilikuwa na mabango mengi kuliko vitanda. Hiyo ilikuwa Wiki ya Mshikamano: asubuhi mawasilisho, mchana mechi, jioni klabu ya ujasiriamali. Darasa lenye mahudhurio kamili hupewa ngao, na kiongozi wake hupewa kazi kwa mfadhili. Watu wakikimbizwa hivyo, nani atageuka kumtazama aliyebaki nyuma? Waliopanga ratiba hiyo walijua jibu. Wanalijua miaka yote.

Mama wa marehemu alikaa ofisini, mkoba mapajani.

"Jumanne saa tatu asubuhi nilipiga simu hapa," alisema. "Mwanangu hapatikani, roho haitulii. Huyu karani akafungua daftari, akaniambia, 'Yupo darasani, mama, wana shughuli nyingi wiki hii.' Nikashukuru, nikaendelea kufua."

Karani aliinamia meza. "Daftari lilisema yupo, afande."

"Niambie kitu kimoja tu," mama akamgeukia Inspekta. "Nilipopiga, alikuwa hai?"

Inspekta aliomba kwanza daftari, na kiongozi wa darasa.

Akaja kijana wa tai, viatu vinang'aa.

"Wewe ndiye Meneja?"

"Wananitania tu, afande."

"Daftari hili unalikusanya wewe?"

"Kila kipindi."

"Profesa aliandika kwa mkono gani?"

"Sijawahi kuangalia."

"Wa kushoto. Kila saini yake ya wiki iliyopita imechafuka, kwa sababu mkono ulipita juu ya wino mbichi. Kuanzia Jumatatu saini zake ni safi kama cheti."

"Hapa tunasainiana, afande. Ndiyo undugu wenyewe. Muulize yeyote."

"Nimewauliza, wamekubali. Simu yake iko wapi?"

"Niliichukua nimchajie."

"Ukaiacha chaja ukutani?"

Meneja alilegeza tai.

"Jumatatu aliniambia kifua kinambana," alisema. "Akataka kumpigia mama yake. Nikamwambia avumilie mpaka ngao itolewe. Akang'ang'ania, nikachukua simu. Koridoni nikawaambia wenzetu anasoma, asisumbuliwe."

"Ulirudi?"

"Jumanne mchana. Alikuwa anahema kama aliyepanda ngazi. Nikamjazia jagi. Saa nane nilikuwa na mechi."

"Na Jumatano?"

"Nilisaini tu."

"Ulijua amekufa?"

"Nisingejua, ningekwenda kumwangalia."

"Kwa ajili ya ngao?"

"Ngao ya nini, afande? Ile kazi. Nyumbani wadogo zangu watano wananitazama mimi."

Askari alipomtia pingu, mkuu wa shule alisogea, sauti chini. "Afande, hili ni kosa la mtu mmoja. Familia yetu isichafuliwe."

"Familia yako imekaa pale na mkoba," Inspekta akamjibu, akaenda kumkabili mama.

"Ulipopiga alikuwa hai, mama."

Mama alinyoosha mkono, akapewa daftari. Kidole kilishuka polepole hadi safu ya Jumanne, kikasimama.

"Huu si mwandiko wake," alimwambia karani. "Ungeniita nije niuone, ningekwambia."