Gundi Iliyobaki Menoni mwa Tusajigwe

Zabron ana mashine ya kukoboa mpunga pale Rujewa, na mdomo wake hauna breki. Akishika konzi moja ya mchele, anakuambia palepale una chenga, zile punje zilizovunjika, nyingi au chache. Basi mzee huyo aliamini kwamba hakuna kinacholipita jicho lake.

Binti yake, Tusajigwe, alivaa vyuma vya kunyoosha meno kwa miaka miwili. Vilipotolewa katika kliniki moja ya Uyole, waliambiwa warudi baada ya wiki moja, meno yakaguliwe. Zabron akasema meno yameshanyooka, safari nyingine ya nini? Tena ulikuwa msimu wa mavuno. Hawakurudi.

Miezi miwili baadaye, meno ya mbele ya binti yakaonyesha madoa ya manjano katikati. Zabron akaja juu. Akamgombeza mbele ya wateja mashineni, akamwita mvivu asiyepiga mswaki. Tusajigwe alijitetea kwamba anapiga asubuhi na usiku, lakini nani amsikilize? Baba akaagiza asugue kwa jivu la pumba za mpunga, lile linalong'arisha masufuria.

Masikini binti wa watu, akasugua. Madoa hayakutoka. Fizi zikavuja damu, maji ya baridi yakawa yanamchoma, na kucheka akaacha. Mama yake, Damari, alikasirika kwelikweli. Akamwambia mumewe afunge mashine, ampeleke mtoto kliniki. Siku hiyo Zabron hakubisha.

Kliniki, Daktari Bertha alimlaza Tusajigwe kwenye kiti, akawasha taa. Zabron akaanza kumshtaki binti yake. Daktari akamwita asogee, akapuliza hewa mpaka meno yakakauka. Jino likang'aa, lakini katikati pakabaki alama ya mraba iliyofifia. Akapitisha juu yake chuma chembamba, taratibu. Kikakwama.

"Huu si uvivu, mzee. Ni gundi iliyokuwa imeshika vyuma," akasema. "Ina rangi ya jino, na ikilowa mate haionekani. Ndiyo maana tunawaita mrudi, tukaushe, tutazame, tupapase. Ikibaki, inashika rangi ya chai. Mswaki hauitoi."

"Na jivu?" Zabron akauliza kwa sauti ndogo.

"Jivu linakwaruza ganda la nje la jino. Ganda hilo likiisha, halioti tena. Mshukuru Mungu mmewahi."

Zabron akanywea. Daktari akaiondoa gundi kwa kimashine chake, kidogo kidogo, akisimama kila mara kukausha na kutazama, asije akalila jino lenyewe. Mwishoni Tusajigwe akapapasa kwa ulimi. Laini kabisa. Akaagizwa atumie mswaki laini na dawa ya meno yenye floraidi, asikwangue meno kwa kitu chochote, na arudi baada ya mwezi.

Kesho yake mashineni watu walijaa. Zabron akazima mashine. Wateja wakadhani umeme umekatika, kumbe anamwita binti yake.

"Mwanangu, nilikuita mvivu mbele ya watu," akasema. "Mvivu nilikuwa mimi, niliyekataa kukurudisha kwa daktari. Nisamehe, na hawa wasikie."

Tusajigwe akasogea karibu na baba yake.

"Nimeshakusamehe, baba. Lakini mwezi ujao tusichelewe."

"Tutapanda basi la kwanza," akasema Zabron, na binti akacheka, meno yote nje.