Redio Inapokwaruza

Uwanja wa karakana pale Ngara mjini ulikuwa umejaa malori ya mahindi yanayosubiri kwenda kambi ya wakimbizi ya Lukole. Adelfina alikuwa anapenya katikati yake, sketi yake ya buluu imepigwa pasi ikanyooka, alipoona mwanga mkali mlangoni. Akasimama kuutazama. Mwanga ukazimika ghafla, akatoka fundi mbio, kinyago cha kukinga macho kimepandishwa kichwani.

"Dada! Umeuangalia?"

"Kwani unalipiwa?"

"Utalipa usiku. Macho yatawasha kama yametiwa mchanga."

Jina lake Niyokwizera, Mrundi wa Lukole, mrefu, ovaroli yake imetobolewa na cheche. Alikuwa anakata bamba la alumini kwa plazma, ile mashine inayokata kwa umeme na upepo, atengeneze mifuniko ya matangi ya maji ya kambini.

"Chuma kikipata moto kinakuwa chekundu, unajua," alimweleza. "Alumini haibadiliki rangi. Unashtukia imeshayeyuka."

"Basi ni kama nyie wanaume."

Wakacheka. Kihangaza cha huyu na Kirundi cha yule vikasikilizana vizuri kupita kiasi.

Adelfina alikuwa mtu wa redio kolu, ile ya kuitana kituo kwa kituo, katika ofisi ya shirika la kuhudumia wakimbizi, ng'ambo ya barabara. Simu hakuna, kwa hiyo mapenzi yao yalipita redioni, tena kwa mafumbo, maana vituo vyote vinasikia.

"Karakana, hapa ofisi. Mifuniko imekula mchana? Ova."

"Imekula, ila haitashiba mpaka imwone mpishi. Ova."

Na kila plazma ilipowashwa, redio ya Adelfina ilikwaruza, krrrr. "Hiyo ni salamu yangu, mpenzi," Niyokwizera alimwambia. Akaizoea mpaka siku bila mkwaruzo ikawa ndefu.

Lakini Mzee Idefonsi, baba yake kule Ntobeye, alipopata habari alinuna. "Mkimbizi ataleta ng'ombe gani? Mahindi ya msaada?" Akakubali wageni wa posa waje Jumapili, mara moja tu. Wakija na maneno matupu, jina la Mrundi huyo lisitajwe tena nyumbani kwake.

Priscila, mwenzake wa zamu, naye akatia chumvi. "Shoga, hawa wa kambini wana wake zao huko. Shauri yako."

Ijumaa jioni Niyokwizera aliaga: kesho yake angekwenda Lukole kuwaomba wazee wa kumsindikiza. Jumamosi Priscila akashikwa na homa, Adelfina akashika zamu yake. Mchana, redio ikakwaruza.

Krrrr.

Plazma ile ilikuwa na fundi mmoja tu.

"Karakana, hapa ofisi. Ova."

Kimya.

"Lukole, hapa ofisi. Fundi Niyokwizera amefika? Ova."

"Hajaonekana huku. Kwani amekutoroka? Ova."

Alisikia vicheko nyuma ya sauti ile. Krrrr, redio ikajibu tena. Mwongo mkubwa! Anamkatia nani? Mwanamke? Au anaiba bamba la shirika, wakaligeuze sufuria sokoni? Mkimbizi akikamatwa kwa wizi, kazi imekwisha, na kibali cha kutoka kambini kimekwisha. Adelfina alipaswa kumwambia bosi wa shirika. Hakumwambia, na hilo ndilo lililomtia hasira zaidi.

Alivuka barabara, akausukuma mlango wa karakana kwa teke. Niyokwizera akaruka, akaficha kitu nyuma ya mgongo.

"Lukole imehamia hapa?"

"Adelfina! Si leo ni zamu ya Priscila?"

"Eti zamu! Toa hicho kitu. Kitoe, au naita askari!"

Akakitoa taratibu. Ng'ombe. Ng'ombe wa alumini, urefu wa mkono, pembe ndefu zimepinda juu, tumbo lake bado lina uchafu wa mkato unaosubiri kusuguliwa kwa tupa.

"Huyu ni Gitare," alisema. "Ng'ombe mweupe wa baba yangu. Alibaki ng'ambo ya mto Ruvubu tulipokimbia. Baba yako anataka ng'ombe, na mimi ninaye huyu tu. Wazee nakwenda kuwachukua jioni. Nilidanganya kwa sababu niliona aibu."

"Na bamba?"

"Mabaki. Nilimwomba bosi. Muulize."

"Nitamuuliza."

Akamuuliza kweli. Bosi akakubali kwamba alimpa. Ndipo Adelfina akalia, akajilaumu kwa kila alilowaza njiani.

Jumapili kule Ntobeye, mbele ya mtungi wa pombe ya ndizi, Mzee Idefonsi alimshika yule ng'ombe, akamgonga kwa ukucha. Adelfina, ndani ya kitenge chake kipya, alijibana nyuma ya mlango.

"Hana maziwa huyu."

"Hana, mzee," Niyokwizera alijibu. "Mama yake, Gitare mwenyewe, anayo. Mpaka wa Burundi ukifunguka, nitakwenda kumleta. Akiwa amekufa, nitaleta wa ukoo wake."

Mzee alimgeuza ng'ombe, akazitazama pembe kwa muda mrefu. Halafu akaita, "Adelfina! Lete msumari. Huyu anakaa ukutani mpaka mwenzake afike."

Jumatatu asubuhi Adelfina alikuwa hewani na Lukole, redio yake ikakwaruza, krrrr, mkwaruzo ukasikika mpaka kule.

"Ofisi, hapa Lukole. Hizo kelele za nini tena? Ova."

Adelfina akabonyeza kitufe, vituo vyote vikisikiliza.

"Lukole, hapa ofisi. Ni mchumba wangu ananisalimia. Ova."