Masizi Kwenye Paji la Nomin

Jua lilikuwa limebakiza kipande chembamba tu juu ya vilima pale Uyanga alipoinama kuingia hemani kwa bibi yake, kumchukua mdogo wake.

Kazi yenyewe ilikuwa ndogo. Kumbeba Nomin, kuvuka kijito, kupita rundo la mawe ya tambiko, kufika kambini kwa watalii. Alfajiri gari lingeondoka kurudi mji mkuu, Ulaanbaatar, na Nomin angeondoka nalo. Uyanga alikuwa ameingoja siku hiyo tangu mama yao alipofariki, majira ya baridi ya mwaka juzi. Tangu hapo aliacha shule, akawa anapikia vikundi vya wageni ambavyo Mjomba Jargal huvizungusha nyikani kwa gari lake la Kirusi. Sasa alikuwa amepata chumba mjini. Nomin angelala naye kitanda kimoja. Wasingetengana tena.

Bibi Dulmaa alikuwa ameshamvalisha mtoto koti la ngozi ya kondoo. Alipitisha kidole chini ya sufuria, kikatoka cheusi, akakipitisha kwenye paji la uso la mtoto, kutoka katikati ya nyusi kwenda juu.

"Huyu si mtoto," alinong'ona. "Ni sungura."

"Sungura," Nomin akarudia, akacheka.

"Bibi, ni hapo kambini tu," Uyanga alisema. "Nikipiga chafya hapa wageni wanasikia."

"Mtoto akitolewa nje jioni, anapakwa. Mama yako nilimpaka. Wewe nilikupaka. Na jina lake usilitaje huko nje. Ukiulizwa umebeba nini, sema umebeba sungura." Akageuka na kidole chake cheusi. "Haya, lete na wewe paji lako."

Uyanga akarudi nyuma. "Mimi nimeshakua, bibi. Wageni wakiniona hivyo watasema mpishi wao haogi."

"Ameshakua huyu," bibi akaliambia jiko. "Juzi tu alikuwa analia akifukuzwa na beberu."

Lakini hakumlazimisha. Aliwasindikiza mlangoni na bakuli la maziwa, akawa ananyunyiza nyuma yao kwa kijiko cha mti, kama anavyofanyiwa kila msafiri. Uyanga alipogeuka kutoka kijitoni, bibi alikuwa bado ananyunyiza. Bakuli lilikuwa limeshainamishwa. Hakukuwa na kitu ndani.

Kwenye rundo la mawe walimkuta Hanneke na kamera yake.

Katika wageni wote wa safari ile, Hanneke ndiye Uyanga aliyempenda. Alikuwa mama wa makamo, nywele zimechanganya mvi, na kila jioni alikuja jikoni kumenya viazi bila kuombwa. Lugha ya kwao Uyanga aliiokota kidogokidogo hukohuko jikoni. Lugha ya Uyanga, Hanneke alijua neno moja tu, asante, na hata hilo alilitamka kama mtu mwenye chakula cha moto mdomoni.

"Ndiye mdogo wako? Mzuri jamani. Msimamishe hapo, kabla mwanga haujaisha."

Uyanga akamweka Nomin mbele ya mawe. Vitambaa vya buluu vilivyofungwa juu yake vilikuwa vinapigapiga kwenye upepo. Hanneke akainua kamera, kisha akaishusha.

"Ana kitu usoni."

Uyanga alijua la kusema. Alikuwa nalo kwenye ulimi. Lakini alikumbuka jinsi wageni walivyotazamana siku ile Mjomba Jargal alipoyazunguka mawe kama haya na kuongeza la kwake. Hawakumcheka. Walitabasamu tu, vile mtu anavyomtabasamia mtoto. Hakutaka Hanneke amtabasamie hivyo.

"Ni uchafu tu," alisema. "Wa sufuria."

Hanneke akatoa tishu ya majimaji mfukoni. Ilinukia limau. Akapiga goti, akafuta mara moja, taratibu, na paji la Nomin likabaki jeupe kama sahani.

"Hapo sawa. Anaitwa nani?"

"Nomin."

Upepo ukakatika.

Haukupungua. Ulikatika. Vitambaa vikalala juu ya mawe, vyote kwa pamoja. Farasi waliokuwa wanalisha ng'ambo ya kijito wakainua vichwa. Kisha, nyuma ya rundo, mtu akasema polepole, kama anayeonja mchuzi...

"Nomin..."

Uyanga akamnyakua mtoto. "Umesikia?"

"Nini?" Hanneke aliuliza. Alikuwa anaitazama ile tishu, doa jeusi katikati. Badala ya kuitupa aliikunja, akaitia mfukoni.

Uyanga hakungoja picha. Alishika njia ya kambini, mtoto mgongoni. Taa za kambi zilikuwa zinaonekana. Haikuwa mbali.

Ndipo harufu ikaja.

Maziwa yaliyoungua. Mama yao hakuwahi kuchemsha maziwa yasiungue. Mjomba Jargal alizoea kumwambia dada yake kwamba hata ng'ombe wakimwona anakuja na ndoo wanasikitika. Nyikani pale hapakuwa na jiko, wala moshi, wala mtu. Na harufu ilikuwa inawafuata.

Nomin alikuwa amejigeuza, anapunga mkono nyuma.

"Unampungia nani?"

"Mama."

Uyanga hakugeuka. "Mama hayupo, Nom..." Akalimeza jina.

"Yupo. Anasema nishuke."

"Usishuke. Nishike shingo."

"Anasema wewe umechoka kunibeba."

Lakini hakuwa amechoka hata kidogo. Hilo ndilo lililomtisha. Alipovuka kijito mtoto alikuwa mzito wa kuvunja kiuno. Sasa alikuwa mwepesi kama mfuko wa sufi. Hatua chache tena, akawa kama koti tupu. Mikono midogo ilikuwa bado shingoni kwake, lakini haikubana. Ilikuwa imewekwa tu, kama skafu.

Uyanga akaanza kukimbia.

Masizi. Alihitaji masizi. Aliingia jikoni kambini kwa kishindo, akageuza sufuria, akapapasa chini. Safi. Akageuza birika. Safi. Kambi ya wageni ilipika kwa gesi, na taa zilitumia jua. Yeye mwenyewe alikuwa akijisifu kwa wageni wote wapya: huku kwetu hakuna moshi, mtapumua vizuri. Hapakuwa na kitu cheusi kambi nzima.

"Mama yuko mlangoni," Nomin alisema. Sauti yake ilitoka mbali, kana kwamba alisemea kisimani.

Uyanga akatokea mlango wa nyuma. Gari la Mjomba Jargal lilisimama pale, boneti wazi, miguu ya mjomba ikichungulia chini. Bomba la moshi.

Alitia vidole ndani ya bomba. Lilikuwa la moto bado, likamchoma, hakujali. Vidole vikatoka vyeusi tii. Akampaka mtoto kuanzia nyusi hadi kwenye nywele.

"Wee, unalifanyia nini gari langu?" mjomba aliuliza akijivuta kutoka chini. Kisha akamwona usoni, na utani ukamtoka. "Sema," akanong'ona. "Sema sasa hivi."

"Huyu si mtoto," Uyanga alisema. "Ni sungura. Ni sungura. Ni sungura."



Halafu uzito ukarudi wote kwa mara moja. Magoti ya Uyanga yakakunjika, wakaanguka wote wawili kwenye majani. Nomin akaanza kulia kilio cha kawaida, cha mtoto mwenye usingizi anayenuka petroli.

"Mama kaniacha," alilia.

Mjomba Jargal akaketi kando yao, spana mkononi. "Nani alimfuta?"

"Hanneke. Mimi niliruhusu."

"Na jina?"

Uyanga akatazama vidole vyake vyeusi. Mjomba akavua kofia, akaivaa tena.

"Mjomba, alikuwa mama?"

"Dada yangu aliwapenda nyinyi. Anayempenda mtoto hamwiti gizani." Alifikiri. "Labda ni kitu kimeokota sauti yake. Labda ni yeye, na bado hajajua kwamba amekufa. Mimi ni dereva tu, mpwa wangu. Ninachojua, kesho tunaondoka. Mjini ukianika shuka jeupe unaanua jeusi. Pepo gani atamtambua mtoto kwenye moshi ule?"

Alicheka peke yake, kidogo, akarudi chini ya gari.

Hanneke alichelewa kurudi kambini. Hakugusa nyama. Aliomba maziwa ya moto, na yalipokuja akayanusa, akasema hayajaiva vizuri.

Njiani kurudi mji mkuu wageni walilala, waliamka, walipiga picha za ngamia, wakalala tena. Uyanga hakufumba jicho. Hanneke alikuwa ameomba kubadilishana kiti, sasa alikaa nyuma yao kabisa. Mkono mmoja ulikuwa mfukoni tangu asubuhi. Gari liliporuka kwenye mashimo, alikuwa anaimba kwa pua, chinichini. Wimbo wa kubembeleza mtoto. Ule ambao mama wote wa nyikani huuimba, lakini katikati uliteleza, ukakosa mstari mmoja. Mama yao ndiye aliyekuwa akiusahau mstari huo.

"Umejifunzia wapi?" Uyanga alimuuliza.

"Nini?"

"Huo wimbo."

"Sikuwa naimba," Hanneke alisema, na kwa uso wake alikuwa anasema kweli.

Uyanga akamvuta Nomin kwenye mapaja yake. Wingu la moshi wa Ulaanbaatar lilipotokea mbele, kahawia juu ya majengo, kwa mara ya kwanza maishani alifurahi kuliona.

Siku hiyohiyo wageni waliagwa kwa chakula cha mchana, kama kawaida, kwenye hoteli iliyo karibu na uwanja mkubwa. Uyanga alimpaka Nomin masizi tangu nyumbani, ya jiko la makaa la jirani wa mtaa wa mahema, nyuma ya ghorofa lao. Hakujali tena nani anatazama. Wageni walitazama. Mmoja akauliza kama ni mchezo, na Mjomba Jargal akajibu kwamba ndiyo, ni mchezo wa zamani.

Sahani zilipokwisha kuondolewa, Hanneke aliinuka. Alizunguka meza, akapiga goti mbele ya Nomin. Mkono ukatoka mfukoni. Tishu ilikuwa imekauka, ngumu kama kipande cha ngozi.

"Njoo mwanangu," alisema. "Nikufute uso."

Alisema kwa lugha yao. Safi, bila kigugumizi, kwa lafudhi ya watu wa kijito kile.

Uyanga akasimama katikati yao. Meza nzima ilikuwa inamwangalia, wageni wake wote, na alijua wanachokiona: mpishi anamzuia mama mwema asimguse mtoto.

"Huyu si mtoto," alisema kwa sauti ya kusikika na wote. "Ni sungura."

Hanneke akapepesa macho. Mara moja, mara ya pili. Akatazama magoti yake sakafuni, kisha tishu mkononi, kama mtu aliyeamshwa kwenye kituo asichokijua. Mjomba Jargal aliichukua taratibu, akaiweka kwenye kisahani cha majivu, akaiwashia kiberiti. Ilinuka limau. Mwishoni ikanuka maziwa.

Baadaye Hanneke alimkumbatia Uyanga, akasema asante kwa matamshi yake mabovu, na Uyanga akalia kwa furaha kuyasikia. Mjomba akawapeleka wageni uwanja wa ndege. Alasiri akapiga simu: ndege imeruka, na huyo mama amelala usingizi kama mtoto tangu kwenye gari. Yamekwisha.

Chumba cha Uyanga kilikuwa ghorofa ya tano, kina bomba la joto ukutani na jiko la umeme. Aliosha vyombo. Akaoga kwa sabuni, akasugua moshi wa safari nzima usoni, shingoni, vidoleni. Nomin alimkataza asimguse paji. "Bibi kasema," alisema kwa ukali, na Uyanga akacheka kwa mara ya kwanza tangu nyikani. Akamwacha na masizi yake.

Dirishani mwanga ulikuwa unageuka buluu.

Mlango ukagongwa.

Taratibu. Kwa kiganja, si kwa ngumi, kama anavyogonga mtu aliyezoea milango ya mahema. Chini ya mlango ikaingia harufu ya maziwa yaliyoungua.

Uyanga alitaka kumziba mtoto mdomo, lakini Nomin alikuwa ameshafika mlangoni kwa miguu mitupu. Aliweka mdomo kwenye ufa.

"Hapa hakuna mtoto," alinong'ona, vizuri, kama alivyofundishwa. "Kuna sungura tu."

Upande wa pili mtu alishusha pumzi. Pumzi ya uchovu, ya mtu aliyetembea njia ndefu kwa miguu.

"Sawa," sauti ya mama yao ilisema. "Na Uyanga wangu?"

Uyanga akajigusa paji la uso. Lilikuwa safi, bado lina unyevu wa sabuni.

Alitaka kurudi nyuma hatua moja. Mguu uliinuka kwa urahisi mno, na ulichelewa kushuka sakafuni.

Nomin aligeuka akamtazama. Hakulia. Alikuja mbio, akamvuta dada yake shingoni hadi nyuso zao zikakutana, akaanza kusugua paji lake kwenye paji la Uyanga, kwa nguvu, huku na huku.

"Si mtoto," alinong'ona. "Si mtoto, si mtoto."

Yalikuwa masizi ya mtu mmoja. Sasa yalikuwa kivuli cha kijivu kwenye nyuso mbili.

Mguu wa Uyanga ukagusa sakafu, lakini si kwa uzito wake wote. Kisha walisikia vazi zito likikunjwa, na mtu akaketi kwenye ngazi, akaanza kuimba wimbo wa kubembeleza, chinichini, kama mtu asiye na haraka ya kwenda popote.